Silabi za Chiriku

Inspekta alivua viatu mlangoni, kama bango lilivyomtaka, akaingia ukumbini na soksi. Zamani hapo palikuwa ghala la matairi, na harufu ya mpira ilikuwa haijaisha. Sasa kuta zilifunikwa kwa mapazia mazito meusi, sakafu ikatandikwa zulia, na kutoka darini zilining'inia spika, kubwa kwa ndogo, nyingine zimeshuka mpaka usawa wa sikio la mtu mzima.

"Simama hapa, afande," alisema dada mtu. "Ukisimama kule utasikia maji tu."

Dada mtu alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Juzi alikuwa ameleta wanafunzi wake kuyasikiliza maonyesho haya ya sanaa ya sauti, akaishia kukaa chini katikati ya ukumbi, kichwa mikononi, wanafunzi wakidhani amezimia. Kesho yake alikuwa kituoni kabla dirisha la mapokezi halijafunguliwa. Maelezo yake yalikuwa mafupi: kaka yake, aliyepotea miaka miwili iliyopita, yumo kwenye spika.

Inspekta alisubiri. Lilianguka tone la maji. Kompyuta ilikuwa imelivuta tone hilo likanyooka, likawa mlio mwembamba kama uzi, ukauzunguka ukumbi na kupotelea nyuma ya mapazia. Kisha ikaja minong'ono, kama ya watu wanaosengenyana chumba cha pili. Aligeuza kichwa. Sikio lake la kushoto lilikufa utotoni kwa homa, na katika kelele nyingi la kulia peke yake lilikuwa halimfai kitu.

"Ma," ilisema spika moja juu ya kichwa chake.

"Ni," ikajibu nyingine, mbali.

Silabi zikaanza kuongezeka, zikapishana, zikagongana, mpaka ghafla zikajipanga, na sauti ya mwanamume, nzito kidogo, yenye mkwaruzo, ikasema wazi karibu na sikio lake zima: "Haya basi. Haya basi. Tuendelee."

Dada mtu alimshika mkono. "Ndivyo alivyokuwa akisema jukwaani wageni wakipiga kelele. Afande, mimi sina wazimu."

"Sijasema una wazimu."

"Wa kwanza alisema."

Wa kwanza alikuwa ofisa aliyelishika jalada hilo kabla ya kuhamishwa. Inspekta alilirithi pamoja na kabati lake. Huyo aliyepotea watu wote walimwita Chiriku, tangu mdogo, kwa sababu aliamka anaongea na kulala anaongea. Alipokua akaligeuza domo lake kuwa kazi: mshereheshaji wa shughuli, na sauti yake ilitangaza sabuni redioni mpaka watoto wakaiiga. Siku moja alitoka nyumbani na begi dogo, akaaga kwamba ana shughuli nje ya mji, na hakurudi tena. Simu ilizimwa. Familia ilizunguka vituo vyote na vyumba vya maiti vyote. Mama yake alipiga marufuku neno "marehemu" lisitamkwe ndani ya nyumba yake.

Aliyemwona mara ya mwisho alikuwa msanii mmoja, rafiki yake. Msanii huyohuyo ndiye mwenye maonyesho haya.

"Tusimpigie simu kwanza," Inspekta alimwambia Sajenti, aliyekuwa akisubiri nje amevaa viatu vyake. "Twende tumkute."

*

Majirani walimwita Bwana Kelele, na yeye alikuwa amelikubali jina hilo kiasi cha kulibandika kwenye kengele ya mlango. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, sweta lake limetoboka kiwiko. Studio yake ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la zamani, chumba chenye magodoro yaliyopigiliwa ukutani ili kunyonya sauti, meza ndefu, kompyuta mbili, na nyaya zilizotambaa sakafuni hadi nje kwenye ngazi.

"Kazi yako hasa ni nini?" Inspekta aliuliza baada ya kukaa.

"Narekodi vitu. Friji ikiunguruma. Daraja likipitiwa na malori. Naviingiza humu, navikata vipande vidogo kuliko kope, halafu navipanga upya. Watu wengine huita muziki."

"Na wewe?"

"Mimi nangoja waite."

Sajenti alikohoa kuficha kicheko. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo na subira, na kazini alipenda mambo yaliyonyooka.

"Sauti iliyomo kwenye maonyesho yako ni ya nani?" aliuliza Inspekta.

"Ya Chiriku. Sikufichi."

"Uliirekodi lini?"

"Kabla hajapotea. Kama mwaka mmoja kabla. Alikuwa akija hapa, nampa cha kusoma, anasoma."

"Mbona hukulisema hilo ulipohojiwa?"

"Niliulizwa kama nimemwona. Sikuulizwa kama nimemrekodi."

Alijibu upesi, macho yakiwa kwenye meza. Inspekta alimwomba aifungue kazi yenyewe kwenye kompyuta. Kioo kilijaa mistari ya rangi, mmoja juu ya mwingine, kila mstari ukiwa na mawimbi ya sauti yake na jina lake pembeni. Sajenti aliinama kusoma.

"'Shangazi Kachelewa Harusini,'" alisoma. "'Huyu Naye.' 'Mbuzi wa Jirani Kala Shuka.' Bwana, hii ni kazi ya sanaa au kijiwe?"

"Ni majina tu," alisema Bwana Kelele. "Ya kukumbukia."

"Nani aliyaweka?"

"Mimi."

"Vizuri," alisema Inspekta. "Nina sikio moja, vitu vingi kwa pamoja vinanichanganya. Nizimie mistari yote, uniachie ule unaosema 'haya basi' peke yake."

Bwana Kelele alishika kipanya. Alibofya "Huyu Naye": kikalia kitasa cha mlango. Alibofya "Mbuzi wa Jirani": ikatoka mvua. Alipanda juu, akashuka chini, akapanda tena. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo. Inspekta hakumharakisha. Alikuwa anautazama mkono wake, jinsi ulivyokuwa ukipapasa kama wa mtu aliyeingia jikoni kwa watu akitafuta chumvi.

Hatimaye ilipatikana. Ilikuwa ndani ya "Shangazi."

"Sasa nataka rekodi zenyewe. Kabla hazijakatwa."

Hapo alisita. Kisha akafungua jalada lingine ndani ya kompyuta, akampa hedifoni. Inspekta aliziba sikio lake la kushoto kwa mazoea, ingawa halikuwa na haja ya kuzibwa, akasikiliza.

"Ba. Be. Bi. Bo. Bu," ilisoma sauti ya Chiriku, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Cha. Che. Chi." Ilipitia silabi zote za lugha bila kuruka hata moja. Kisha yakaja maneno, moja moja, kila neno mara tatu: kwa utulivu, kwa kuuliza, kwa ukali. Maji. Taa. Mto. Nigeuze. Polepole. Inauma. Hapa. Siyo hapo. Nimeshiba. Mwite daktari. Acha uongo wako. Dada. Mama.

Chini ya maneno hayo kulikuwa na kitu kingine. Kizito, cha mbali, kinarudi kila baada ya pumzi chache. Du. Halafu kimya. Du.

"Hicho ni nini?"

Bwana Kelele alichukua hedifoni, akasikiliza. "Bomba la maji. Jengo la zamani hili."

"Sawa. Nitachukua nakala ya kila kitu."

Hakukataa. Hilo nalo Inspekta aliliweka moyoni.

Kwenye ngazi, wakiruka nyaya, Sajenti alishindwa kujizuia. "Afande, huyu kamuua. Kamuua, halafu anatupigia sauti yake tunatikisa vichwa."

"Muuaji hatundiki sauti ya aliyemuua darini na kuwakaribisha watu."

"Vichaa wapo."

"Wapo," alikubali Inspekta. "Lakini kichaa huijua kazi yake mwenyewe. Huyu haijui."

*

Bomba la maji halipigi hivyo. Walipotoka nje Inspekta alisimama kando ya barabara akatazama huku na huku. Pembeni ya jengo la Bwana Kelele palikuwa na jengo jipya la ofisi, vioo vitupu, bado halijahamiwa. Msimamizi wa ujenzi walimkuta ndani akigombana na mafundi wa rangi. Alikuwa na sauti ya mtu aliyefanya kazi kwenye makelele miaka mingi.

"Msingi?" alipiga ukelele ingawa walikuwa hatua moja kutoka kwake. "Tulipigilia nguzo kwa mashine. Kila nguzo nyundo inapanda, inashuka. Majirani walitaka kutuua! Yule wa kelele ghorofa ya tatu ndiye peke yake aliyetushukuru. Alikuja na maikrofoni."

"Mlianza lini kupigilia?"

Msimamizi aliuliza ofisini kwao kwa simu. Jibu lilipokuja, Sajenti alilirudia kwa sauti ya chini ili aamini. Nguzo ya kwanza ilipigiliwa karibu wiki mbili baada ya Chiriku kuaga nyumbani.

"Kwa hiyo," alisema Sajenti walipofika kwenye gari, "mtu amepotea, familia inamtafuta vyumba vya maiti, kumbe yuko pale juu anasomeshwa maneno. 'Inauma.' 'Siyo hapo.' Afande, mtu hasemi maneno hayo kwa raha zake. Alikuwa amefungiwa. Naomba tukachukue hati ya kumkamata leo hii."

Ilikuwa hoja nzuri, na Inspekta hakuwa na ya kuipinga. Kilichomzuia ni namna maneno yalivyosomwa: mara tatu tatu, kwa utulivu, kwa kuuliza, kwa ukali. Aliyefungiwa anaweza kulazimishwa kusema "acha uongo wako." Lakini Chiriku alilisema kama mtu anayelipenda neno lenyewe.

"Hati iandae," alisema. "Usiipeleke. Nataka kwanza dada mtu asikie."

*

Mwalimu alikuja kituoni moja kwa moja kutoka darasani, chaki bado kwenye vidole. Inspekta alimwonyesha kwanza picha alizopiga za kioo cha kompyuta.

Dada mtu alisoma majina ya mistari. Aliposoma la pili aliziba mdomo kwa kiganja, na Sajenti akasogeza glasi ya maji akidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Shangazi yetu," alisema, "alichelewa harusini. Harusi yake mwenyewe! Alikuwa saluni. Baba alisimama mlangoni akisema 'huyu naye, huyu naye' mpaka sauti ikakauka. Na mbuzi wa jirani alikula shuka ya..." Alinyamaza. Kicheko kilimtoka usoni polepole. "Huyu msanii amejuaje habari hizi?"

"Labda kaka yako alimsimulia."

"Kumsimulia sawa. Lakini kuziita hivi? Hivi ndivyo anavyoita yeye. Hata nambari za watu kwenye simu yake alikuwa anaziandika hivyo, hujui nani ni nani."

"Kazi hii imetengenezwa mwaka huu," alisema Inspekta. "Fundi wetu wa kompyuta amelithibitisha. Na aliyeitia sahihi hajui vitu vyake viko wapi."

Mwalimu alimtazama. Alikuwa mtu wa hesabu, na Inspekta aliona jinsi alivyofika kwenye jibu na jinsi alivyoogopa kulitamka.

"Kabla hujasema kitu," Inspekta alisema kwa upole, "sikiliza na hii."

Alimpa hedifoni. Silabi zilipita, na mwalimu alitulia. Yalipoanza maneno, mabega yake yalipanda. Maji. Mto. Nigeuze. Siyo hapo. Alivua hedifoni kabla hayajaisha, akaziweka mezani kana kwamba zinaungua.

"Haya ni maneno ya baba," alisema.

"Baba yenu alikuwa akiyasema?"

"Hapana. Alishindwa kuyasema." Alifuta chaki kwenye sketi yake. "Baba aliugua koo. Saratani. Miezi ya mwisho hakuwa na sauti, na kuandika hakuweza, mikono ilikuwa inatetemeka. Mama alikuwa anabahatisha. Maji? Mto? Nikugeuze? Hapa? Akikosea, baba anapiga kitanda. Siku nzima nyumba nzima inabahatisha. Kaka alikuwa anakaa pale mlangoni. Siku hizo ndizo peke yake nilizomwona amenyamaza."

"Kabla ya kuondoka," aliuliza Inspekta, "sauti yake ilikuwaje?"

"Ilikuwa inakwaruza. Muda mrefu tu. Alisema amepiga kelele mno kwenye shughuli." Macho yake yalifunguka. "Mama alimpikia tangawizi kila jioni. Tangawizi!"

Inspekta aliichukua hati ya Sajenti mezani, akaikunja mara mbili.

"Kaka yako hakuwa amefungiwa," alisema. "Alikuwa anaweka akiba."

*

Safari hii Bwana Kelele alifungua mlango kabla hawajabonyeza kengele. Hakuwakaribisha kukaa.

"Chiriku alikuja hapa na begi," alisema Inspekta. "Alikuwa ameambiwa na madaktari kwamba atakatwa koo na hatasema tena. Ukamrekodi kila silabi, wenzetu huko nje wakipigilia nguzo. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Alitibiwa wapi?"

"Mji mwingine. Mimi ndiye niliyempeleka."

"Na kazi iliyoko ukumbini ni yake."

Bwana Kelele aliketi juu ya sanduku la spika, mikono ikining'inia katikati ya magoti. "Nilimfundisha programu ili apate cha kushughulisha vidole," alisema. "Nilidhani atacheza cheza tu. Baada ya miezi michache akanisikilizisha kitu. Afande, mimi niko kwenye kazi hii tangu kompyuta zikiwa na ukubwa wa kabati. Sijawahi kutengeneza kitu kama kile. Watu wananishika mkono, wananipongeza, natazama viatu vyangu."

"Yuko wapi?"

"Nilimwahidi."

"Uliahidi kutosema. Basi usiseme. Tembea mbele yetu."

Bwana Kelele akainuka, akatoka nje kwenye ngazi, na badala ya kushuka alipanda. Nyaya zilizotoka studio zilipanda naye, zimebandikwa ukutani kwa utepe, hadi mlango wa chumba kimoja kilichojengwa juu ya paa.

Ndani kulikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, dirisha pana, na meza iliyogeukia mwangani. Mwanamume aliyeketi mezani alikuwa amekonda kuliko picha yake ya kwenye jalada. Kitambaa cha pamba kilizunguka shingo yake. Aliwaona kwenye kioo cha kompyuta kabla hajageuka, na Inspekta aliona mgongo wake ukikaza. Lakini alipogeuka alikuwa tayari ameinua nyusi, kama mshereheshaji aliyeona wageni wakiingia katikati ya hotuba. Vidole vyake vilipita juu ya vibonye.

"Karibuni," ilisema spika ndogo mezani. Ilikuwa sauti yake, ile ya kwenye hedifoni, vipande vimeungwa kiasi kwamba mishono ilisikika kwa mbali tu. "Miaka miwili. Hata shangazi yangu angewahi."

Sajenti alicheka kwa nguvu, kisha akajishtukia akavua kofia.

Inspekta alivuta kiti. Alimwambia kwanza yaliyo ya sheria, kama ilivyompasa. Kwamba yeye ni mtu mzima na hakuvunja sheria kwa kuondoka kwao. Kwamba polisi walitakiwa kuhakikisha yu hai na yuko pale kwa hiari yake. Kwamba mahali alipo hatapewa mtu bila ridhaa yake.

"Lakini kwamba u hai," alimaliza, "nitamwambia mama yako leo. Hilo siombi ruhusa."

Chiriku alitazama vidole vyake. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Alimuuguza baba," ilisema spika. "Sikutaka arudie. Madaktari walinipa miezi. Nikasema nitakwenda kufa pembeni. Sikufa." Aliacha kuandika, akavuta pumzi. Pumzi ilipita shingoni, chini ya kitambaa, ikapiga mluzi mdogo. "Kila siku niliyoamka mzima, uongo ulikuwa mrefu zaidi. Nikashindwa pa kuukatia."

"Na kuiweka sauti yako ukumbini? Hukujua wangesikia?"

Aliandika haraka. "Sikutaka wasikie." Kidole chake kilibaki juu ya meza. Kisha polepole: "Nilitaka."

Bwana Kelele, aliyebaki mlangoni, alikuwa anakuna kiwiko kupitia tundu la sweta.

Inspekta alitoa simu, akaiweka mezani kati yao. "Dada yako yuko kwa mama yenu sasa. Nilimwomba awe hapo. Naweza kupiga nikaongea mimi. Au naweza kupiga nikakaa kimya."

Chiriku akasogeza spika yake ndogo mpaka ikagusana nayo.

Dada mtu alipokea mlio haujakatika. Inspekta alisema maneno machache, dada mtu akasema "Mama, kaa kwanza," na sauti nyingine ikasema haitaki kukaa, hapa si hospitali, nipe hiyo simu. Kisha ikaingia kwa ukaribu mpaka spika ikakwaruza.

"Nani? Ni wewe? Wewe! Unajua mimi nimekwenda kutazama maiti za watoto wa watu? Nafunuliwa shuka, nasema siyo, nafunuliwa, siyo, namshukuru Mungu halafu naona aibu kwa mama wa yule pale. Unajua chumba chako nakifagia kila wiki? Shati lako la bluu nimelifua halijavaliwa, nimelifua tena, limechakaa kwa kufuliwa! Watu wananiambia kubali, kubali, mimi nawaambia kubalini nyinyi. Ulikuwa wapi? Ulikula nini? Nani alikuwa anakufulia? Mimi si mama yako? Nimekukosea nini mimi, nimekunyima nini, hata kama ni ugonjwa, kwani mimi ugonjwa nauogopa? Mimi?"

Vidole vya Chiriku vilikuwa juu ya vibonye muda wote huo. Aliandika neno, sauti ya mama ikalipita. Akafuta, akaandika jingine, nalo likapitwa. Mwishowe aliinua mikono yote miwili, akasikiliza tu, na machozi yakamshuka mpaka kwenye kitambaa cha shingo.

Upande wa pili mama alivuta pumzi.

"Shikamoo, mama," ilisema spika ndogo.

Kisha, taratibu: "Marahaba." Na baadaye kidogo: "Hiyo siyo sauti yako."

"Ni yangu, mama. Ni vipande."

"Vipande." Mama alilizungusha neno hilo mdomoni. "Nilijua kabla hujafungua mdomo. Tangu uote meno hujawahi kuniacha nimalize sentensi. Leo nimesema mpaka maneno yameniisha, na wewe kimya. Nikasema moyoni, huyu anaumwa kweli."

Mabega ya Chiriku yalianza kutikisika. Kinywa chake kilikuwa wazi na hakikutoa kitu, lakini chini ya kitambaa pumzi ilikatikakatika kwa miluzi midogo midogo.

"Hicho kinacholia ni nini?" aliuliza mama kwa hofu. "Nyie mlio hapo, anafanyaje huyo?"

Inspekta aliinamia simu. "Anacheka, mama."

"Haya. Mwacheni acheke." Sauti yake ilitetemeka, ikajishika. "Nakuja. Hapo ni wapi?"

Inspekta alimtazama Chiriku. Chiriku alijifuta uso kwa kiganja, akarudisha vidole mezani, akaandika. Sauti yake ikautaja mtaa, ikalitaja jengo, ikaitaja rangi ya mlango. Ikaongeza: "Ngazi ni nyingi, mama. Upumzike katikati."

"Nani kakwambia nimezeeka?" alisema mama, na simu ikakatika.

Sajenti alivaa kofia yake. Nje kwenye ngazi Bwana Kelele alikuwa ameshapiga magoti, anabandua nyaya zake kwenye vidato moja baada ya nyingine na kuzikunja begani, ili mtu mwenye haraka asije akajikwaa.